Denis Burkitt: Daktari aliyejifunza lishe bora vijijini Afrika Mashariki

Mbaazi za nazi kwa mahamri ni kiamshakinywa kinachojulikana vyema Mkomani na mitaa mingine ya Mombasa. Katika sahani hiyo, mbaazi ndizo zenye hazina kubwa ya nyuzinyuzi, sehemu ya mimea isiyomeng'enywa tumboni. Mmoja wa walioufanya ulimwengu uzithamini nyuzinyuzi ni daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda, Denis Burkitt.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Alipoteza jicho moja akiwa na umri wa miaka 11, lakini hilo halikumzuia kusomea udaktari. Mwaka 1946 alianza kazi Lira, Uganda, kisha akahamia hospitali ya Mulago, Kampala. Huko, mwaka 1958, alieleza saratani ya watoto iliyokuja kuitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takribani kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini, wakipita hospitali baada ya hospitali, ili kujua saratani hiyo ilikoonekana.

Aliporejea Uingereza, swali jingine lilimshika. Uvimbe wa kidole tumbo, mawe ya nyongo na saratani ya utumbo mpana yalikuwa maradhi ya kawaida huko, ilhali vijijini Uganda aliyaona kwa nadra. Mwaka 1972, yeye na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa chakula cha wanakijiji wa Afrika hupita tumboni upesi, na choo chao ni kingi kuliko cha Waingereza waliozoea unga uliokobolewa.

Burkitt alipenda kuonyesha mchoro wa madaktari wakikausha sakafu huku bomba likiendelea kufurika. Kwake yeye, busara ilikuwa kulifunga bomba, yaani kuzuia ugonjwa kabla ya kuutibu.

Si kila alilolihusisha na nyuzinyuzi limethibitishwa. Hata hivyo, uchambuzi mkubwa wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa wanaokula nyuzinyuzi nyingi hupatwa na maradhi ya moyo, kiharusi, kisukari na saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 15 hadi 30 chini ya wanaokula kidogo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza angalau gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima.

Burkitt alifariki mwaka 1993, akiacha funzo lisilohitaji gharama kubwa. Anayebadili kila kitu kwa siku moja huchoka na kurudia mazoea. Badiliko linalodumu huanza na chakula ambacho jiko tayari linakijua: dona mahali pa sembe, tunda zima badala ya sharubati, upawa mmoja zaidi wa mbaazi na hamri moja pungufu. Nyongeza hiyo iwe ya polepole, ikiandamana na maji ya kutosha, ili tumbo lipate kuzoea.