Lord Delamere alivyoanza upya Njoro

Hugh Cholmondeley, maarufu kama Lord Delamere, alizaliwa Uingereza mwaka wa 1870. Mnamo 1903 serikali ya kikoloni ilimkodisha ekari 100,000 huko Njoro, karibu na Nakuru. Kondoo wake walikufa kwa wingi kwani nyasi zilikosa madini, na ng'ombe wakaangamizwa na maradhi. Aliweka rehani mali yake ya Uingereza, akageukia ngano, na mwaka wa 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga nafaka ya Unga. Ngano nayo iliposhambuliwa na kutu, aliajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu sugu.

Alifariki mwaka wa 1931 akiwa na madeni makubwa, akazikwa Soysambu. Ngano ilinawiri, lakini Wamaasai waliohamishwa Bonde la Ufa mwaka wa 1904 hawakurudishiwa malisho yao.