Guy Bradley, Mlinzi wa Ndege wa Florida

Guy Bradley alizaliwa mwaka 1870 katika mji wa Chicago, kaskazini mwa Marekani, lakini hakukaa huko sana. Alipokuwa mtoto mdogo wazazi wake walihamia kusini, katika nchi ya Florida. Huko ndiko alikokulia, na huko ndiko alikouawa alipokuwa na umri wa miaka 35, kwa sababu alikwenda kumkamata mwana wa jirani yake kwa kosa la kuua ndege. Ili habari hiyo ifahamike, yapasa kwanza kuijua nchi yenyewe, na ndege walioikaa, na thamani ya manyoya yao.

Florida ni rasi ndefu iliyoingia baharini mfano wa kidole. Ncha yake ya kusini haina milima. Ni nyasi na maji, na mikoko, na visiwa vidogo vidogo visivyo na watu. Maji ya mvua hushuka polepole katikati ya nyasi, upana wa maili nyingi, na mahali pengi kina chake hakifiki kiunoni, hata yakutane na maji ya chumvi. Nchi hiyo huitwa Everglades. Kwa kuwa samaki wadogo ni wengi humo, ndege walao samaki ni wengi pia, na hasa yangeyange weupe. Msomaji amekwisha kuwaona ndege wa jamii hiyo katika mashamba ya mpunga, wakitembea kwa miguu yao mirefu.

Yangeyange wanapokaribia kutaga, humea mgongoni manyoya marefu, mororo, yenye kupepea kama moshi. Manyoya hayo huwapo wakati wa viota tu, kisha huanguka. Ndege hawa hawajengi viota vyao mbalimbali. Hukusanyika kwa mamia na maelfu juu ya mikoko ya kisiwa kimoja, na mzazi hapendi kuwaacha makinda yake hata asikiapo bunduki. Basi, mwindaji aliyepata mahali pa viota hakuhitaji kutafuta wala kunyemelea. Alikaa chini ya miti akapiga siku nzima. Aliwachuna wakubwa ngozi ya mgongo, akaiacha miili majini, na makinda yakabaki viotani yakilia, yakafa kwa njaa na jua, au yakaliwa na kunguru. Kwa njia hiyo mwindaji aliua kizazi kilichopo na kizazi kijacho kwa siku moja.

Manyoya hayo yalipelekwa New York, London na Paris, nako yakashonwa katika kofia za wanawake. Mwaka 1902 katika minada ya London ziliuzwa wakia 48,240 za manyoya ya jamii ya yangeyange, na ili kupata wakia moja ilipasa kuua ndege wapatao wanne. Wengi wa wanawake wale hawakujua yalivyopatikana. Wafanya biashara walijua sana.

Watu wa Florida ya kusini walikuwa wachache, tena maskini. Walivua samaki, walilima miwa na mboga, walichoma makaa. Barabara hazikuwako. Baba yake Guy alikuwa mmojawapo wa wale waliochukua barua za serikali kwa miguu, wakipita ufukoni bila viatu, mwendo wa siku nyingi kwenda na kurudi. Katika nchi kama hiyo kijana aliyejua kulenga shabaha hakuwa na kazi nyingine ya kumpa fedha upesi kuliko manyoya. Guy na ndugu yake walijifunza kazi hiyo mapema. Mwaka 1885, alipokuwa na miaka 15, walisafiri na Mfaransa mmoja mwenye kuwinda ndege ili auze manyoya na ngozi zao. Katika safari ile wenye chombo waliua ndege 1,397, wa namna 36. Guy hakuona haya, wala hakuna aliyemwonya. Hivyo ndivyo watu walivyoishi, na sheria ya kuwakataza haikuwako bado.

Alipokuwa mtu mzima alikaa na jamaa zake katika kijiji cha Flamingo, penye ncha kabisa ya Florida. Jina hilo ni jina la ndege ambaye Waswahili humwita heroe. Kijiji kilikuwa na nyumba chache tu, na mbu wasiosemeka, wala hapakuwa na njia ya kufika ila kwa bahari. Huko alioa, akapata watoto wawili wanaume. Katika miaka hiyo aliona jambo ambalo kila mwindaji aliliona, ingawa si wengi waliolikubali: visiwa vilivyokuwa vyeupe kwa ndege zamani za utoto wake sasa vilikuwa vitupu.

Wakati ule ule, mbali sana na Flamingo, watu wengine walikuwa wakihangaikia jambo hilo. Mwaka 1900 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kukataza kuchukua kutoka jimbo moja hata jingine wanyama na ndege waliouawa kinyume cha sheria ya jimbo lao. Mwaka 1901 Florida nayo ilitunga sheria ya kuwalinda ndege wa porini. Lakini sheria iliyoandikwa haipandi mashua kwenda visiwani. Serikali ya Florida haikutoa fedha za kumlipa mlinzi hata mmoja. Ndipo Chama cha Wataalamu wa Ndege wa Marekani, ambacho kamati yake ya kulinda ndege iliongozwa na William Dutcher wa New York, kilipoamua kuwalipa walinzi wenyewe. Fedha zilikusanywa na mchoraji mmoja aitwaye Abbott Thayer, na vyama vya Audubon, ambavyo ni vyama vya watu wapendao ndege, vikasaidia kazi hiyo.

Ilitakiwa mtu ajuaye kila mlango wa maji katika visiwa vile, na kila mahali pa viota, na kila mwindaji kwa jina lake. Mtu wa namna hiyo hakuweza kupatikana ila miongoni mwa wale waliokuwa wawindaji. Basi mwaka 1902 akachaguliwa Guy Bradley. Aliapishwa kuwa msaidizi wa mkuu wa polisi wa wilaya, akapewa amri ya kukamata. Mshahara wake ulikuwa dola 35 kwa mwezi. Katika miaka hiyo wakia moja ya manyoya ya yangeyange iliuzwa hata kwa dola 32, nayo ni bei iliyozidi bei ya dhahabu. Yaani Bradley angeweza kuua ndege wanne tu asubuhi moja, akapata karibu mshahara wa mwezi mzima. Tangu alipoapa hakufanya hivyo tena.

Kazi yake ilifanana na ile ambayo katika Tanganyika ilifanywa na mtu aliyeitwa Bwana Nyama, lakini Bwana Nyama alikuwa na askari wake, naye Bradley mara nyingi alikuwa peke yake na mashua. Eneo alilopewa lilikuwa kubwa mno, kutoka visiwa vya pwani ya magharibi, kupita katika Everglades, mpaka visiwa vya Key West. Alibandika matangazo ya sheria katika miti. Aliwaendea wawindaji aliowajua tangu utoto, akawaeleza kwamba kazi ile sasa imekuwa haramu na kwamba yeye mwenyewe ameiacha. Wengine walimsikia, kwa kuwa hawakuweza kumwambia kwamba hajui taabu yao. Wengine walimchukia kwa sababu ile ile, wakamwona msaliti. Aliowakuta na bunduki mahali pa viota aliwakamata, hata kama walikuwa majirani. Mahali pengine ndege wakaanza kuongezeka.

Lakini mtu mmoja hawezi kuwapo kila mahali. Wawindaji walijifunza kumpeleleza mlinzi wao. Alipotweka tanga kwenda magharibi, wao walikwenda mashariki. Katika ziwa liitwalo Cuthbert, lililofichwa ndani ya mikoko, palikuwa na makao makubwa ya viota ambayo Bradley aliyatunza kwa fahari. Siku moja alirudi akakuta pameharibiwa, na miili ya ndege wapatao mia nne au mia tano imetapakaa kukizunguka kisiwa kile. Kazi ya miezi ilipotea mara moja.

Katika Flamingo alikaa mtu aitwaye Walter Smith, mzee aliyepigana katika vita vya Wamarekani wao kwa wao, naye alisifiwa kwa shabaha. Zamani yeye na Bradley walikuwa marafiki. Bradley alipomkamata Tom, mwana wa Smith, kwa kuua ndege, urafiki ukaisha, na Smith akatangaza kwamba kijana akikamatwa tena atamwua mlinzi. Watu wengi walisikia neno hilo. Bradley naye alilisikia, akaendelea na kazi yake.

Asubuhi ya tarehe 8 Julai mwaka 1905 ilisikika milio ya bunduki kutoka visiwa vidogo viitwavyo Oyster Keys, ng'ambo ya maji, mbele ya kijiji. Bradley alipotazama aliona jahazi la Smith limetia nanga huko. Akaagana na mkewe, akachukua bastola yake, akaingia katika mashua yake ndogo akaenda. Alijua ni jahazi la nani, tena alijua lililosemwa. Hata alipokaribia, vijana walikuwa wakirudi jahazini na ndege waliouawa. Bradley alitaka apewe Tom ili ampeleke mbele ya sheria. Smith, akiwa juu ya jahazi na bunduki mkononi, alidai aonyeshwe barua ya hakimu. Bradley akajibu kwamba mtu aliyeonekana kwa macho akivunja sheria hukamatwa bila barua. Smith akampiga risasi. Bradley akaanguka ndani ya mashua yake, na Smith akatweka tanga akaenda zake.

Mashua ile ilichukuliwa na maji usiku kucha, na kesho yake ikaonekana mbali na kijiji, na maiti ya mlinzi imo ndani yake. Alizikwa karibu na ufuko wa Rasi Sable, juu ya tuta la kombe za pwani, mahali patazamapo bahari.

Smith alikwenda Key West akajitoa mwenyewe mbele ya serikali. Alidai kwamba Bradley ndiye aliyetangulia kupiga, naye alijiokoa tu. Waliomtetea Bradley walisema kwamba bastola yake ilionekana haijapigwa hata risasi moja. Huko Flamingo jamaa za mjane wakaichoma moto nyumba ya Smith, jambo lisilofaa, lakini ghadhabu yao yaweza kufahamika. Smith alikaa gerezani miezi mitano akingoja. Kwa desturi ya Marekani, kabla ya kesi kubwa kusikilizwa, baraza la raia waliochaguliwa huchunguza kama kuna sababu ya kumshtaki mtu. Baraza lile likaamua kwamba sababu haitoshi. Smith akafunguliwa akaenda zake, wala hakuhukumiwa kamwe kwa mauti ya Bradley. Wenye kukaa katika baraza walikuwa watu wa nchi ile ile, iliyopata fedha kwa manyoya.

Habari hiyo ilifika New York na miji mingine, ikawachoma watu wengi waliokuwa hawajali. William Dutcher aliandika kwa uchungu juu ya mlinzi wake, na vyama vya Audubon vikachanga fedha kumnunulia mjane nyumba katika Key West. Wakati huo watu wakatambua kwamba haifai kumtuma mlinzi mmoja visiwani huku mlango wa duka ukiachwa wazi. Maadamu manyoya yalinunuliwa, yuko atakayeyaleta. Hata mwaka 1908 waliuawa walinzi wengine wawili, mmoja Florida na mmoja Carolina ya Kusini. Mwaka 1910 jimbo la New York, penye wauzaji wakubwa wa kofia, likapiga marufuku kuuza manyoya ya ndege wa porini wa nchi ile. Mwaka 1913 ikakatazwa kuingiza Marekani manyoya kutoka nchi nyingine, na mwaka 1918 ikatoka sheria ya kuwalinda ndege wahamao. Desturi ya kofia nayo ikabadilika. Yangeyange wakarudi polepole, kisiwa kwa kisiwa.

Mwaka 1947 Everglades ilifanywa hifadhi ya taifa, na Flamingo ikawa ndani yake. Mwaka 1960 tufani kubwa iliipiga Rasi Sable, na bahari ikalichukua kaburi la Guy Bradley. Jiwe lake liliokotwa baadaye likahifadhiwa.

Siku hizi wageni hufika Flamingo kwa barabara, wakiwa na mashua zao na fimbo zao za kuvulia, na nyumba ya kuwapokea imeitwa kwa jina la Bradley. Askari wa hifadhi huwazungukia majini. Huwauliza wavuvi vibali vyao, hupima samaki waliovuliwa kama wametimiza urefu unaotakiwa, na huzuia mashua zisiende mbio mahali pa maji machache. Visiwa vingi vya ghuba ile haviruhusiwi mtu kushuka, na mgeni akivuka mpaka, askari humwita arudi. Wakati wa kutaga, mikoko ya visiwa hivyo huwa na viota vya yangeyange.