GAMA, PAHALAWANI ALIYEKOSA WA KUMBWAGA

Wapenzi wa mieleka hapa pwani wakiulizwa ni nani bingwa wa mabingwa, vijana huwataja Hulk Hogan na Undertaker, na wazee humtaja Dara Singh waliyemwona katika filamu za Kihindi. Mimi hujibu Gama, na wengi hunikodolea macho kwa kuwa jina hilo hawajapata kulisikia. Siwalaumu. Mimi mwenyewe, mtoto wa Kisauni, sikulisikia nyumbani. Nililisikia Kericho, katikati ya mashamba ya chai, usiku wa mvua ya mawe.

Ilikuwa mwaka 1988, nami nikiwa karani wa mizani katika shamba moja upande wa kuelekea Bomet, ambayo siku hizo ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Kericho. Kutwa nilipima majani mabichi yaliyoletwa na wachumaji na kuandika kilo zao daftarini. Jumamosi jioni wafanyakazi, Wakipsigis, Waluo, Wakisii na Waluhya, walikusanyika katika ukumbi wa kambi kutazama kanda za video. Jioni ile kanda ilikuwa ya pambano la Hulk Hogan na Andre the Giant, lililofanyika Pontiac, Michigan, tarehe 29 Machi 1987. Watangazaji walikuwa Gorilla Monsoon na Jesse Ventura, wote wawili wanamieleka wa zamani, mmoja akishika sheria na mwenziwe akimtetea mkorofi, wakibishana kwa Kiingereza ambacho robo tatu ya ukumbi haikukifahamu.

Aliyeishi Kericho aijua mvua yake. Asubuhi jua, alasiri wingu, kisha mawe kama kokwa za tende. Basi Hogan alipomwinua Andre mara ya kwanza, akashindwa na kuanguka chini ya jitu lile, mawe yaliliangukia paa la mabati na sauti za watangazaji zikapotea kabisa. Hapo mzee mmoja wa Kikipsigis, dereva wa trekta, akasimama kando ya televisheni na kuanza kutangaza yeye, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kushinda mvua.

Nimewasikia watangazaji wengi. Marehemu Leonard Mambo Mbotela alipotangaza mpira redioni, hata asiyeona aliuona. Kent Walton, aliyetangaza mieleka katika televisheni ya Uingereza toka mwaka 1955 hata 1988, alikuwa na hekima ya kunyamaza pale mambo yanapojieleza yenyewe. Lakini dereva yule aliwapita kwa jambo moja: alisema kila mpiganaji anataka nini kabla hajakifanya. Akiona bega limeshuka, alitwambia ngwala inakuja, na ngwala ikaja. Hogan alipomwinua Andre mara ya pili na kumbwaga, ukumbi ulikuwa umekwisha kusimama.

Aliyeharibu furaha ile ni mzee wa Kisingasinga, fundi aliyekuja kutengeneza jenereta ya kambi na kuzuiwa na mvua. Alituarifu, kwa upole wa mtu mzima anayewaambia watoto ukweli, kwamba mambo yale hupangwa, na mshindi huwa amekwisha chaguliwa kabla ya kengele kulia. Kisha akavuta kiti na kutusimulia habari za pahalwan mmoja Mwislamu wa Punjab, ambaye baba yake mwenyewe, Singasinga, alimpenda kupita watu wote. Hivyo ndivyo nilivyomjua Gama, na toka siku hiyo nimekuwa nikitafuta habari zake popote zilipoandikwa.

Jina lake kamili ni Ghulam Muhammad Bakhsh Butt. Alizaliwa mwaka 1878 karibu na Amritsar, katika ukoo wa Kiislamu wenye asili ya Kashmir, ukoo ambao kazi yake ilikuwa mieleka baba kwa mtoto. Huko Bara Hindi mwanamieleka huitwa pahalwan, na neno hilo, msomaji, ni letu pia, maana ni lile lile tunalosema pahalawani tunapomtaja mtu wa maguvu na michezo ya viungo. Limetoka Uajemi likapanda jahazi kwenda pande zote. Wala mchezo wenyewe si mgeni kwetu, kisa cha Rukana, mbabe wa Makka aliyebwagwa na Mtume (S.A.W.), tumekisikia darsani tungali wadogo.

Baba yake, Aziz Bakhsh, alifariki Gama akiwa mtoto mdogo sana, akalelewa na babu yake na wajomba, nao wakamtia katika akhara, yaani kiwanja cha udongo laini wanapofundishwa pahalwan. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alipelekwa Jodhpur, ambako mtawala wa nchi hiyo alikuwa ameita wanamieleka zaidi ya 400 washindane kwa kuchuchumaa na kuinuka mpaka abaki mmoja. Wakabaki 15, na mmoja wao ni mtoto huyo. Mtawala alipoona hivyo akampa yeye ushindi. Baadaye akachukuliwa na jumba la Maharaja wa Datia, akawa analishwa na kufundishwa kwa gharama za dola, kama walivyofanyiwa pahalwan wote wakubwa wa zama hizo.

Mengi husemwa juu ya mazoezi yake: kuchuchumaa mara 5,000 kwa siku, maziwa ya kujaza ndoo, lozi kwa kilo. Katika makumbusho ya Baroda liko jiwe la kilo zipatazo 1,200 ambalo yasemwa Gama alilinyanyua mwaka 1902. Mimi niliyefanya kazi ya mizani sitaki kuapa kwa mizani ya mtu mwingine. Linalojulikana bila shaka ni kwamba hakuwa mrefu, futi 5 na inchi 7 tu, na kwamba kufikia mwaka 1910 wakubwa wote wa Bara Hindi alikuwa amewashinda isipokuwa mmoja, Rahim Bakhsh Sultaniwala, jitu la karibu futi 7, ambaye kila wakikutana hakuna aliyemwangusha mwenziwe.

Mwaka huo wa 1910 Gama alisafiri kwenda London pamoja na ndugu yake Imam Bakhsh. Waandalizi walimtazama kimo chake wakakataa kumwingiza mashindanoni. Naye akatoa changamoto hadharani: atawabwaga watu watatu, wa uzito wowote, katika nusu saa. Watu walidhani ni maneno ya kuuzia tikiti. Tarehe 8 Agosti akapambanishwa na Benjamin Roller, daktari wa Kimarekani na mwanamieleka hodari, akamlaza chali mara ya kwanza kabla dakika 2 hazijatimia, na mara ya pili kwa dakika kama 9. Baada ya hapo hakuna aliyezungumza tena habari za kimo.

Tukafika tarehe 10 Septemba 1910, siku ambayo mimi na watu wa Kericho tuliibishania miaka mitatu. Aliyewekwa mbele ya Gama ni Stanislaus Zbyszko, Mpolandi mnene mwenye nguvu za ajabu, mmoja wa wakubwa wa Ulaya na Marekani. Zawadi ilikuwa pauni 250 na mkanda wa gazeti la John Bull. Haikupita dakika moja Zbyszko akawa chini. Lakini kwa sheria za pambano lile kuwa chini si kushindwa. Mshindi hapatikani mpaka mabega yote mawili ya mpinzani yaguse mkeka. Basi Zbyszko akalala kifudifudi, akajibana, akakataa kuinuka. Gama alimvuta, akamsukuma, akamzunguka, akatafuta pa kutia mkono, na Mpolandi amelala kama kobe aliyeingiza kichwa. Ikapita saa moja. Ikapita ya pili. Watazamaji walizomea. Baada ya saa mbili na nusu na zaidi pambano likasimamishwa bila mshindi, likapangwa kurudiwa wiki moja baadaye, tarehe 17. Siku hiyo Gama alifika. Zbyszko hakufika. Mkanda ukapewa Gama.

Mashabiki wengi hulipita pambano hili haraka kama aibu, wakakimbilia lile la mwaka 1928. Mimi nasema hili ndilo kubwa kuliko yote. Kumwangusha mtu anayekuja kupigana ni kazi moja. Kumtwaa mtu mwenye kilo zaidi ya mia aliyeamua kutokupigana, mbele ya umati wa kigeni, kwa muda wa kupika pilau na kuila na kuosha sufuria, bila kumpiga ngumi, bila kumtukana, bila kuchoka, ni kazi nyingine. Hakuna mahali nilipopata kusoma kwamba Gama alipoteza adabu siku ile.

Dereva wa trekta hakukubaliana nami. Yeye alimtetea Zbyszko. Alisema mtu aliyekutana na aliyemzidi ana haki ya kulala, na kazi ya kumfunua ni ya mwenye nguvu. Mwenyeji mwingine wa Bomet aliongeza kwamba hata nungunungu hujikunja na hakuna amwitaye mwoga. Nami nikawakumbusha pambano la Muhammad Ali na Antonio Inoki, Tokyo, tarehe 26 Juni 1976, pale Mjapani alipolala chali raundi 15 akimpiga Ali mateke ya miguu, na dunia nzima ikalalamika kwamba imeibiwa. Je, hapo napo nungunungu ana haki? Walicheka, lakini hawakubadili shauri.

Na kwa kweli Zbyszko hakuwa mwoga. Mwaka 1925, mieleka ya Marekani ikiwa imekwisha kuwa mchezo wa kupangwa, wakubwa wa biashara hiyo walimfanya bingwa kijana mmoja aitwaye Wayne Munn, mcheza mpira asiyejua mieleka sawasawa. Zbyszko alitakiwa aangushwe. Alipoingia ulingoni huko Philadelphia akaamua kupigana kweli, akambwaga Munn mara kwa mara mbele ya watu, na wakubwa hawakuwa na la kufanya. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeona heri alale kifudifudi saa mbili na nusu kuliko kusimama mbele ya Gama. Hiyo ni sifa ya nani?

Aliporudi Bara Hindi, Gama alikutana tena na Rahim Bakhsh huko Allahabad, na safari hii jitu lile likashindwa. Kisha akakosa wa kupigana naye. Miaka ikapita, nguvu zake zikizeekea jumbani kwa watawala. Ndipo mwezi Januari 1928 Maharaja wa Patiala akamwita Zbyszko avuke bahari wamalize hesabu yao. Wote wawili walikuwa watu wazima, wanakaribia miaka 50. Makumi ya maelfu ya watu walikusanyika. Safari hii Zbyszko hakulala. Alisimama akamkabili, na hilo namsifu. Lilikwisha kabla ya dakika moja, Mpolandi chali, na Maharaja akamtunza Gama rungu la fedha.

Mwaka 1947 Bara Hindi likagawanyika, na Gama akawa mtu wa Lahore, Pakistan. Katika siku zile za kuchinjana inasimuliwa kwamba alisimama na watu wake kuwalinda majirani zake Wahindu, akahakikisha wametoka salama. Kama tarehe na saa zake ziliandikwa kama zilivyoandikwa za mapambano ya London, mimi sijaziona, na inasikitisha. Uzee wake ulikuwa wa dhiki. Watoto wake wa kiume walikufa wadogo, moyo na pumu vikamsumbua, na wale Maharaja waliokuwa wakimlisha hawakuwapo tena. Serikali ilimpa msaada, na miongoni mwa waliomkumbuka kwa fedha ni G. D. Birla, tajiri wa Kihindu wa upande wa pili wa mpaka. Alifariki Lahore tarehe 23 Mei 1960. Mjukuu wake, Kulsoom, aliolewa na Nawaz Sharif, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Pakistan.

Ukoo uliendelea na mieleka. Akram, mtoto wa Imam Bakhsh, alipambana na Inoki yule yule mjini Karachi mwezi Desemba 1976, akavunjwa mkono. Mwaka 1979 kijana wa ukoo huo, Jhara, alimkabili Inoki mjini Lahore, na mwishoni Mjapani mwenyewe akamwinua Jhara mkono juu. Miaka ya baadaye Inoki alisilimu, akafariki mwaka 2022.

Niliondoka Kericho mwaka 1991. Fundi wa jenereta hakurudi tena kambini, lakini dereva wa trekta alikuwa ameichukua hadithi yake akaifanya mali yake. Jumamosi umeme ukikatika, watoto wa kambi walimzunguka naye akawatangazia pambano la Patiala, umati, vumbi, bega lililoshuka, mkono ulioingia kwapani. Jambo lililochukua chini ya dakika moja lilimchukua yeye nusu saa. La London hakuwa akilitangaza. Nilipomwomba, alinijibu kwamba hakuna cha kutangaza, mtu amelala.