Mwanamfalme aliyepima barafu ya Rwenzori

Wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Mpondwe, Uganda, na Kasindi, Kongo, hupita pembeni mwa milima ya Rwenzori. Mwaka 1906 vilele vyake vilipimwa na kuchorwa kwa kina na msafara wa Mwanamfalme Luigi Amedeo wa Italia, Duke wa Abruzzi.

Alizaliwa Madrid mwaka 1873, baba yake akiwa mfalme wa Hispania. Siku chache baadaye baba huyo alijiuzulu, familia ikarejea Italia. Luigi akawa mwanamaji, lakini milima ilimvuta. Mwaka 1897 aliongoza msafara wa kwanza kufika kilele cha Saint Elias, mpakani mwa Alaska na Kanada. Miaka michache baadaye, katika safari ya Ncha ya Kaskazini, baridi kali ilimpotezea vidole viwili.

Kwenda Rwenzori alipitia Mombasa, akapanda treni hadi Ziwa Victoria, akavuka kwa meli hadi Entebbe, kisha akatembea hadi Fort Portal. Wabeba mizigo wa Kikonzo, wenyeji wa milima hiyo, walipandisha vifaa katika tope na mvua za bonde la Mto Mobuku. Tarehe 18 Juni alifika kilele cha juu kabisa, mita 5,109, akakiita Margherita kwa heshima ya malkia wa Italia.

Ramani yake ilitenganisha milima sita yenye barafu na kuonyesha mito inakoanzia. Mobuku humwaga maji Ziwa George. Mito ya magharibi huingia Semliki. Yote huishia Nile. Mwaka 1910 Uingereza na Ubelgiji zilipopatana juu ya mpaka, Margherita ikawa alama yake. Mpaka uligawa kilele, maji yakabaki ya pamoja.

Miaka yake ya mwisho aliishi Somalia, wakati huo koloni la Italia, alikoanzisha mashamba makubwa kando ya Mto Shabelle. Mwaka 1928 alianza safari ya kuufuata mto huo hadi chanzo chake Ethiopia. Alifariki mwaka 1933, akazikwa huko huko Somalia.

Kazi ya 1906 sasa ndiyo kipimo cha hasara. Wakati ule Rwenzori ilikuwa na barafuto 43, yaani barafu ya kudumu ya milimani. Nyingi zimeyeyuka. Milima ya Emin, Gessi na Luigi di Savoia, unaobeba jina lake, haina tena hata moja.