Moritz Kaposi, daktari aliyeuachia ugonjwa wa ngozi jina lake

Ukimsikia daktari akitaja Kaposi, iwe Morogoro mjini au kwenye zahanati kule Mgeta, usidhani ni jina la dawa. Ni jina la mtu, na leo tunawaletea maisha yake kwa ufupi.

Alizaliwa tarehe 23 Oktoba 1837 katika mji wa Kaposvár, Hungaria. Wazazi wake, waliokuwa Wayahudi, walimwita Moritz Kohn. Alisomea udaktari Vienna, akahitimu mwaka 1861, kisha akafanya kazi chini ya Ferdinand von Hebra, bingwa wa magonjwa ya ngozi. Baadaye alimwoa Martha, binti wa mwalimu wake huyo. Mwaka 1871 aliacha jina la Kohn, lililokuwa la wengi pale Vienna, akajiita Kaposi kutokana na mji wa kwao.

Mwaka 1872 aliandika habari za wagonjwa watano, wanaume wa umri mkubwa, wenye madoa na vinundu vya rangi ya damu ya mzee miguuni na mikononi. Chanzo hakukijua, lakini alieleza kwa makini alichokiona. Alifariki Vienna tarehe 6 Machi 1902.

Jibu lilipatikana Marekani mwaka 1994, pale Yuan Chang na Patrick Moore walipogundua virusi vya HHV-8. Virusi hivi vimebeba jeni zinazofanana na zetu, zile zinazoamuru seli zikue. Mwili wetu huziwasha na kuzizima kwa kiasi; virusi huziacha zikiwaka. Seli huongezeka, mishipa midogo ya damu huchipua, na doa huwa uvimbe. Kinga ikiwa imara, wengi huishi navyo bila kuugua. VVU vikiidhoofisha kinga, saratani hupata mwanya.

Hata hivyo, wagonjwa wa Kaposi waliugua zaidi ya miaka 100 kabla UKIMWI haujatambuliwa mwaka 1981, na Afrika Mashariki pia ugonjwa huu ulikuwapo kabla. Kwa hiyo tusimnyooshee mtu kidole kwa sababu ya doa mguuni. Mwenye VVU, mara nyingine ARV pekee hupunguza madoa. Wengine huongezewa dawa za saratani, kama zinavyotolewa Ocean Road, Dar es Salaam. Doa lisiloondoka tusilifiche ndani ya suruali au kanga. Tulipeleke hospitali mapema.