Pierre Poivre: Jamaa wa mkono mmoja aliyewapora Waholanzi karafuu

Kabla ya kutia pilau masala kwenye sufuria leo, nusa kwanza. Karafuu hiyo unayoisikia ina hadithi ndefu, na ndani yake kuna Mfaransa mmoja aliyekosa mkono wa kulia.

Jina lake Pierre Poivre. Kwa Kifaransa, poivre ni pilipili manga. Unakumbuka kile kitanzandimi cha Kiingereza cha Peter Piper tulichokariri tukiwa watoto? Wapo wanaodai kilitungwa kumhusu yeye. Mimi sina ushahidi, lakini ukisikia maisha yake utaona kwa nini dai hilo halifi.

Poivre alizaliwa Lyon, Ufaransa, mwaka wa 1719. Alisomea upadri, akatumwa Uchina na Vietnam kama mmishonari. Mwaka wa 1745, akirudi nyumbani, meli yao ilishambuliwa na Waingereza karibu na Sumatra. Mzinga ukamwondolea mkono. Siku hizo padri asiye na mkono wa kulia wa kubariki hakuwa padri, basi ndoto hiyo ikazimika papo hapo. Akiwa na umri wa miaka 25, akajikuta Batavia, mji ambao leo unaitwa Jakarta, akiuguza kidonda katikati ya ngome ya Waholanzi.

Na hapo ndipo jicho lake lilipofunguka. Waholanzi walikuwa wameshika biashara ya karafuu na kungumanga duniani kote. Miti hiyo iliruhusiwa kuota katika visiwa vichache tu vya Maluku, kwingineko waliing'oa. Ukikamatwa ukitorosha mche, shingo yako ilikuwa hatarini. Poivre akajiuliza: je, tukiwaibia miche hiyo tukaipanda kwetu?

Jaribio la kwanza lilikwama. Mwaka wa 1753 aliwasili kisiwani Mauritius, wakati huo kikiitwa Isle de France, na miche michache ya kungumanga. Ikafa yote. Alimlaumu mtaalamu wa mimea aliyekuwa huko, wakagombana vibaya, na hatimaye akarudi Ufaransa akiwa amechoka. Ungedhani mambo yameishia hapo. Alioa msichana aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 30, Françoise Robin, na mwaka wa 1767 akarudi kisiwani na cheo kikubwa: msimamizi mkuu wa mali na shughuli za raia.

Sasa ebu tukitazame hicho kisiwa alichokabidhiwa, kwa sababu picha za hoteli na bahari ya samawati unazoziona mtandaoni hazikwambii haya. Mauritius haikuwa na wenyeji. Waholanzi walipotia nanga mwaka wa 1598 walikuta msitu mpaka ufukweni, makobe wakubwa kama mawe, na dodo, ndege mnene asiyeruka aliyekuwa hajui kuogopa binadamu. Kufikia mwisho wa karne ya 17, dodo hakuwepo tena. Nguruwe, nyani na panya walioletwa na meli walikula mayai yake. Mipingo ikakatwa ikauzwa. Wafaransa walipochukua usukani waliendelea na shoka palepale, na mabaharia wakawapakia makobe melini wakiwa hai kama akiba ya nyama.

Poivre aliona jambo ambalo wengi wa wakati wake hawakuliona: ukimaliza msitu, mvua nayo inakuaga. Mwaka wa 1769 likatoka agizo lililomtaka kila mwenye shamba aache robo ya ardhi yake ikiwa msitu, hasa miteremkoni, na lililozuia kukata miti karibu na mito. 1769! Babu wa babu zetu hawakuwa wamezaliwa. Ni miongoni mwa sheria za kwanza duniani za kulinda misitu kwa sababu ya hali ya hewa, na mimi naona hili ndilo jambo kubwa zaidi alilofanya, ingawa watalii huambiwa habari za viungo tu.

Haya, viungo. Mwaka huohuo alituma meli mbili kisirisiri hadi Maluku. Juni 1770 zikarudi na maelfu ya mbegu na miche ya karafuu na kungumanga. Aliipanda kwenye shamba alilolinunua Pamplemousses, ambalo leo ni bustani maarufu kuliko zote Mauritius, yenye yale mayungiyungi ya majani mapana kama sinia. Alirudi Ufaransa mwaka wa 1772, kwa hiyo karafuu za kwanza zilipovunwa mwaka wa 1776 hakuwepo kuzionja. Alifariki Januari 1786.

Lakini nani alichimba mashimo ya ile miche? Watumwa. Walitolewa Madagaska na Msumbiji, na baadaye Kilwa pia, hapa pwani yetu. Poivre alikosoa utumwa katika maandishi yake, na bado alikuwa na watumwa shambani. Ukitembea kwenye vijia vile vizuri vya Pamplemousses, beba hilo pia.

Mwanzoni mwa karne ya 19, mikarafuu ilivuka kutoka upande wa Mauritius na jirani yake Réunion hadi Unguja. Mengine unayajua: mashamba ya Unguja na Pemba, na utumwa tena.

Ushelisheli nako kulitokea kioja. Watu wa Poivre walianzisha bustani ya viungo kisiwani Mahé mwaka wa 1772. Mwaka wa 1780 meli ikaonekana, kamanda akadhani ni Waingereza, akaichoma bustani ili wasiipate. Kumbe ilikuwa meli ya Wafaransa wenzake! Mdalasini pekee ndio uliopona. Ndege walibeba mbegu zake hadi vilimani, na leo umetapakaa Mahé ukiibana miti ya asili.

Na msitu wa Mauritius? Agizo la 1769 halikuishinda miwa. Msitu wa asili ulio katika hali nzuri haufiki asilimia 2 ya kisiwa. Mwaka wa 1974 walijulikana vipanga wanne tu wa Mauritius porini, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 njiwa wa waridi walikuwa kama 10. Wote wameongezeka kwa kazi ngumu ya kuzalishwa na kulindwa. Makobe wa asili waliisha kabisa. Utakaowaona Île aux Aigrettes waliletwa kutoka ukoo wa Aldabra, ndugu za Mzee, yule kobe wa Haller Park, Mombasa, aliyefanya urafiki na kiboko Owen.

Ukibahatika kufika Mauritius, usiishie Pamplemousses. Panda hadi mbuga ya Black River Gorges. Utakuta wahifadhi waking'oa kwa mikono vichaka vya mapera madogo mekundu yaliyoletwa kutoka Amerika Kusini, ambayo hunyima miche ya asili mwanga. Na usishangae ukiona, hatua chache kutoka hapo, familia nzima na ndoo zao wakiyachuma mapera hayohayo kwa furaha.