Louis Pasteur: Kiharusi hakikumzuia

MUSCAT – Sisi tunaouguza wazee waliopatwa na kiharusi mara nyingi hukata tamaa mapema. Maisha ya Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa aliyezaliwa 1822, yanatufundisha vingine. Oktoba 1868, akiwa na miaka 45, alipatwa na kiharusi, akapooza upande wa kushoto. Mkewe, Marie, alimuuguza na kuandika aliyomsomea. Miezi mitatu baadaye alirejea kwenye utafiti wa maradhi ya viwavi wa hariri. Mkono na mguu havikupona kabisa. Hata hivyo, mwaka 1885 chanjo yake ilitumika kumkinga mtoto aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, akanusurika. Pasteur alifariki 1895. Mwili ukipooza, tusidhani na akili imekufa.